Boriti za bibi sio kuni

Jumamosi iliyopita nilipita Ngamiani, hapa Tanga, nikakuta nyumba ya bibi imeshalala chini. Nilijua itabomolewa, kikao cha familia kilishakaa na mimi mwenyewe nilikubali, ukuta wa nyuma ulikuwa umeegemea kwa jirani na bati lote linavuja, kwa hiyo sio kubomoa kulikoniuma. Kilichoniuma ni kumkuta mama muuza mihogo wa kona ile anabeba boriti zimekatwa vipande, kauziwa lundo zima kwa 15,000 akapikie. Nikaazima panga nikapasua kipande kimoja. Ndani nyekundu, kavu, ngumu mpaka panga linaruka. Mikoko ile ilisimamishwa kabla baba hajazaliwa jamani, imebeba fito na udongo na watu wote waliozaliwa mle ndani, na bado haijachoka.

Nikamuuliza kaka, mtoto wa baba mkubwa, ndo anasimamia ujenzi, kwa nini hizi hamkuziweka pembeni. Akanijibu, "Dada, miti ni mambo ya zamani, hapa tunaweka nyumba ya kudumu." Anataka zege, kenchi za chuma za kubebea paa, mlango wa chuma, madirisha ya grili, mti usionekane popote.

Neno hilo la kudumu nimelala nalo wiki nzima.

Maana kaka huyu huyu ana nyumba Sahare, karibu kabisa na bahari, kaimaliza 2011. Ghorofa moja, zege tupu. Mwaka juzi kipande ukubwa wa sinia kilibanduka chini ya kibaraza cha juu kikaangukia baiskeli ya mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa kaingia ndani kunywa maji dakika hiyo hiyo. Nilienda nikaangalia pale juu, nondo ziko wazi, zimevimba, zinamenyeka kama maganda ya kitunguu. Wakaja mafundi wakaziba na plasta wakapaka rangi. Ufa umesharudi, pale pale.

Wagosi, watu wa Tanga wenzangu, sisi tunaishi na bahari, hili tunatakiwa tulijue kuliko watu wa Dodoma. Nondo haipati kutu ndani ya zege kwa sababu saruji ina ukali fulani kama wa chokaa unaoilinda, ila chumvi ikipenya mpaka ikaifikia nondo ule ulinzi unakufa, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zaidi ya mara mbili, sasa haina pa kwenda, inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka, ufa unaingiza maji na chumvi nyingine, na mchezo unaenda hivyo hivyo miaka yote huku nje rangi inang'aa. Mti ukianza kuoza unaugonga unasikia, unabonyea, mchwa wanaacha njia za udongo ukutani unaziona. Zege la pwani linaumwa kimya kimya, siku unayojua ni siku linadondoka.

Na chumvi wala sio upepo wa bahari peke yake unaoileta, tunaipakia wenyewe kwenye lori! Mchanga wa ufukweni unaochotwa usiku, maji ya kisima ambayo hata chai hayafai, zege linatiwa maji mengi literemke haraka, halafu linamwagiliwa siku mbili na watu wanaondoka wakati lilitakiwa kulowa wiki nzima, linabaki na vitundu vya kupitishia chumvi. Siku tunamwaga slabu kwa mdogo wangu nilikuta nondo zimelala moja kwa moja kwenye mbao, hamna hata biskuti moja, vile vibonge vya zege vya kuziinua. Nikamwambia fundi, kaka yangu, hapa kuelekea baharini nondo inataka zege la sentimita 4 au 5 chini yake. Akanitazama, akasema, "Plasta itafunika dada." Nilisimamisha kazi. Walinuna wote, mpaka mdogo wangu mwenyewe kwa sababu mashine ya kuchanganyia ilikuwa ya kukodi na saa zinahesabiwa, lakini tuliinua nondo zile moja moja kwa vipande vya kokoto bapa mpaka magharibi.

Najua mtasema mchwa. Haya, mchwa ni kweli, na mbao nyingi tunazouziwa leo ni changa, mbichi, zimepakwa dawa ya rangi tu juu juu, hizo hata mimi siwezi kuzitetea. Na sisemi turudi kukata mikoko, imekatazwa bila kibali na ni sawa ikatazwe, ndo inayoshika fukwe zetu zisiliwe na maji, ila kama kukata mpya ni marufuku basi kuchoma ya bibi yako ni kosa mara mbili. Mitiki ipo hapo Longuza, Muheza, sio mbali, bei yake inauma lakini kenchi za chuma nazo hazigawiwi bure, na kwa upepo huu kutu inaanzia pale pale zilipochomelewa.

Kaka akanitolea mfano wa Beit al Ajaib, lile jumba la sultani kule Unguja, kwamba ni ya 1883 na mnaona ilivyoporomoka Desemba 2020. Sasa mfano huo haumsaidii, jumba lile ni maarufu kwa nguzo zake za chuma na limejengwa kwa mihimili ya chuma vilevile, sio boriti peke yake.

Sitaki nyumba ya udongo mimi, nataka msingi wa zege na kuta za tofali kama kila mtu. Nataka tu paa liwe la mti uliokauka vizuri, na milango iwe ya mti, na lile zege litakalomwagwa limwagwe na mtu anayejua bahari iko wapi. Joto la vyumba vya Sahare usiku wa Januari hata sijaligusa.

Mama wa mihogo nimemlipa 20,000, nimepata boriti tisa ambazo zilikuwa hazijakatwa, ziko nyuma kwangu nimeziinua juu ya tofali, Ijumaa fundi anakuja kuzipima kwa ajili ya kivuli cha baraza. Mlango wa mvule wa bibi bado umeegemezwa kule site. Naufuata kesho alfajiri kabla fundi geti hajafika.