Mjomba na Singe ya Posta

Mjomba wangu wa Songea alipitia mgambo, na mtu wa mgambo ukimpa maelezo anayapokea kama amri. Mama alinionya. Mimi nikachukulia poa.

Alipokuja Dar nikampeleka Posta kumwonyesha sanamu ya Askari, pale kwenye mzunguko wa Samora. Kufika tu, akaweka sawa kofia yake ya pama, akabana visigino, akapiga saluti. Katikati ya barabara! Bajaji zinapiga honi, mwenyewe hatikisiki. Nikamvuta hadi kwenye kibao, nikajifanya mtembeza watalii: sanamu hii ya shaba ilizinduliwa 1927, ukumbusho wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Kabla yake ilisimama hapa sanamu ya Mjerumani, gavana wa kikoloni Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji 1916 wakamng'oa.

Mjomba hakunisikiliza. Alikuwa anasoma kibao kwa sauti, herufi moja moja, mpaka pale wapagazi wanapoitwa miguu na mikono ya jeshi. Akanigeukia.

"Sasa mbona juu kawekwa mwenye bunduki peke yake? Mizigo ilijibeba?"

Swali zito hilo, tena saa sita ya jua kali. Nikakimbilia kwenye bunduki na kile kisu chake cha mbele.

"Unaiona singe, mjomba? Imeelekea bandarini. Ukipotea mjini, rudi hapa, ifuate mpaka baharini, nitakukuta huko."

"Sawasawa."

Nikamwacha kivulini, nikaingia dukani kubadilisha kioo cha simu yake. Kutoka, mjomba hayupo! Nikateremka mbio hadi kanisa la Azania Front, nikakata kushoto, nikazunguka soko la samaki pale Feri mpaka nikanuka vibua. Hola. Nimeshaanza kupanga uongo wa kumwambia mama, simu ikaita. Namba ngeni.

"Mpwa wangu, niko Kigamboni."

"Kigamboni! Umefikaje?"

"Si umesema nifuate singe? Nimefika baharini, hukuwepo. Watu wote wanapanda kivuko, nami nikapanda. Ila huku adui simwoni."

Nilipovuka nikamkuta kwa mama ntilie, mbele yake wali na changu mzima wa kukaanga. Kando wamekaa vijana wawili wa bodaboda, nao wanakula.

"Hawa ndio walioniazima simu," akasema mjomba. "Nimewaambia mpwa wangu ndiye analipa."