Wanahesabu Magari Siku ya Jumanne

Goti langu la kushoto bado lina alama ya gia. Nimetoka Kisumu nimebanwa katikati ya dereva na mama mmoja wa omena ndani ya Probox, kale kagari ka abiria, na kila dereva akitaka namba tatu ananiambia, "Mzee, jivute kidogo." Nijivute niende wapi, kwenye redio? Waziri wa uchukuzi Michuki alipotufunga mikanda mwaka 2004 tulidhani haya yamekwisha. Leo tulikuwa kumi na mmoja, bila kuhesabu kuku.

Nateremka kwetu, ukishapita Maseno, kabla sijanyoosha mgongo nakuta hema, viti vya plastiki na kijana mwenye tai. Ushirikishaji wa umma. Wanarekebisha mpango wa usafiri wa mji wetu, ufike hadi mwaka 2045. Katiba inasema tuulizwe, nikaona heri niulizwe nikiwa nimeketi.

Ramani ilipendeza, siwezi kusema uongo. Njia ya baiskeli ya kijani, miti kila upande. Pale mtaro ulipommeza ng'ombe wa jirani wakati wa mvua wamechora benchi.

Nikanyoosha mkono kwa heshima zote. "Mwanangu, magari mliyahesabu lini?"

"Jumanne, mzee. Ni siku ya kawaida."

Jumanne! Jumanne mbwa wa mji huu hulala katikati ya lami. Njoo Ijumaa, misafara ya mazishi ikiingia kutoka Nairobi, gari la maiti, mabasi, matarumbeta, na mheshimiwa aliyekuja "kusalimia watu tu". Nikamweleza yote. Akaandika neno moja. Nikachungulia: "maoni".

Nikauliza kuhusu boda boda. Kumbe pikipiki ikipita karani anachora mstari mmoja.

"Ikibeba mama, watoto wawili na godoro?"

Mmoja. Wanahesabu chombo, si watu.

"Ikibeba pikipiki nyingine iliyoharibika?"

Hapo kijana akanyamaza. Akamtazama mwenzake. Mwenzake akaitazama ramani. Vijana wa boda waliosimama nyuma wakalipuka: huyu anasema ni mbili, yule anasema iliyobebwa ni mzigo kwa sababu haijatia mafuta. Wa tatu akasema yeye aliwahi kubeba jeneza na mbuzi wa matanga safari moja, na angependa kujua siku hiyo alichorewa mistari mingapi. Chifu akagonga meza. Ikabidi tupige kura. Haki ya Mungu, tulipiga kura. Mzigo ukashinda kwa mikono minne.

Lakini jamani. Mimi sikuomba njia ya kijani. Naomba kivuko mbele ya shule ya msingi, ndoo mbili za rangi nyeupe, na matuta mawili ambayo lori la miwa likiyaona litakumbuka kwamba lina breki. Wale watoto huvuka wakishikana mikono, wa nyuma akiburutwa, lori linapiga honi tangu kwenye kona. Hilo nalo lisubiri 2045? 2045 mimi, nikijaliwa, nitakuwa nimelala ndani ya mmoja wa misafara ya Ijumaa! Nilisema hivyo kwa sauti ambayo sikuikusudia. Mkutano mzima ukageuka.

Akaandika "maoni".

Soda ziliishia mstari wa pili. Nimefika nyumbani, mke wangu ananiuliza sukari iko wapi. Sukari! Nimeiacha kwenye buti, chini ya kuku, na lile gari saa hii liko Busia.