Jogoo wa mama mwenye nyumba

Mimi na Serikali tuna tabia ya kupishana. Nilikaa Dodoma miaka sita: mitatu nikisoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mitatu nikizunguka na bahasha ya kaki yenye vyeti, kila ofisi ikiniambia mambo yote yako Dar. Juni 2016 nikasema yaishe. Nikafunga godoro, nikapanda basi la Dar. Julai hiyohiyo Rais Magufuli akasimama Dodoma na kutangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Kwa hesabu zangu tulipishana pale Gairo.

Tangu hapo nimekuwa nikiisifia Dodoma kama mtu anavyomsifia mchumba aliyemwacha, akaolewa na tajiri. Hewa kavu, hakuna jasho. Zabibu. Nyama ya mnadani. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Tanga na kwao maneno hayalali njaa, alisikiliza hadithi hizo miaka saba mpaka siku moja akaweka kikombe chini.

"Baba watoto, hiyo Dodoma si tuione basi? Au iko kwenye masimulizi tu?"

Zamani ningepata kisingizio. Basi lilikuwa linakula siku nzima: unachimba dawa njiani, unanunua vitunguu Dumila usivyovihitaji, unafika magoti yamekufa ganzi. Lakini tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, safari ni kama saa nne tu. Tukakata tiketi za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, Jumamosi, mwezi wa tisa. Jumamosi kwa sababu ndiyo siku ya mnada wa Msalato. Mwezi wa tisa kwa sababu zabibu zinakuwa bado zipo. Nikampa mke wangu sharti moja: asimuulize mtu yeyote njia. Mwenyeji yupo.

Ndani ya treni nikaanza kazi ya uenyeji mapema. Nikamwambia jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani imezama. Wanasimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji, akazama kwenye tope.

"Tembo mzima, na macho yake?"

"Ndiyo."

"Tope hakuliona?"

"Alipazoea pale."

"Aaa," akasema, akageukia dirishani. "Mazoea."

Tuliposhuka, dereva wa bajaji akatupokea kwa tabasamu: "Karibuni sana, wageni." Nikamsahihisha papo hapo. Nikamwambia mimi nimekaa hapa wakati yeye bado anakojoa kitandani, na nikaanza kumwelekeza. Baada ya dakika kumi tulikuwa tunaangaliana na ukuta wa ghorofa ambalo, naapa, wakati wangu lilikuwa uwanja wa mbuzi. Mke wangu akauliza wizara ziko wapi. Nikanyoosha mkono kwa kujiamini. Dereva akakohoa kidogo, akasema Mtumba, kwenye mji wa Serikali, iko upande wa pili, kilomita kama kumi na saba, barabara ya Dar. Kitu pekee nilichokipata bila kukosea ni Nyerere Square, na hiyo ni kwa sababu sanamu ya Mwalimu haijahama. Tukapiga picha pale, nikarudisha heshima kidogo, tukaenda Msalato.

Msalato ndiyo penyewe. Mnada ule haukunisahau. Ng'ombe upande huu, mitumba upande ule, na katikati moshi wa nyama ya mbuzi unaokuvuta pua kama kamba. Upepo wa mwezi wa tisa ulikuwa unapiga vumbi jekundu mpaka meno yanasaga mchanga. Mfukoni nilikuwa na elfu themanini, na kila noti ilikuwa na kazi yake. Nikaona tuanze na zabibu.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo ameketi nyuma ya kreti nne. Kanga ameizungushia kichwa na uso kwa ajili ya vumbi, yameachwa macho tu. Zabibu zake zilikuwa nyeusi, bado na ule unga mweupe ambao ukipitisha kidole unaacha alama, na nyuki wawili wakizunguka kreti kama wakaguzi.

"Kilo bei gani, mama?"

"Elfu tano."

Nikacheka kicheko cha mwenyeji. "Mama, hiyo bei wape watu wa Dar. Mimi mtoto wa hapa. Nimekaa Chang'ombe."

"Chang'ombe ipi?" Sauti ilikuwa ya upole kabisa.

Hapo ndipo tembo alipotia mguu wa kwanza.

"Pale nyuma ya msikiti, kwa bibi mmoja hivi mkono wa birika. Mama alikuwa anahesabu ndoo za maji! Ukioga mara mbili anagonga mlango kukuuliza kama unafuga samaki."

Mke wangu akacheka. Mama wa zabibu naye akacheka, mabega yakatikisika. Nikanogewa.

"Na kodi ulikuwa unamlipa?" akauliza.

"Kodi?" Nikamkonyeza. "Mama, mimi nilihama saa kumi alfajiri na godoro kichwani. Mpaka leo nadhani ananisubiri nirudi kutoka chooni."

Yule mama akaweka mizani chini taratibu. Akashika pindo la kanga, akaifungua usoni, duru moja, duru ya pili.

"Mbukwenyi, Mwanachuo," akanisalimu kwa Kigogo.

Wapo watu wawili tu duniani waliowahi kuniita Mwanachuo. Mmoja ni marehemu babu yangu. Huyu mwingine aliendelea kuniita hivyo miaka mitatu baada ya mimi kuhitimu, kila tarehe moja, akiwa amesimama mlangoni.

Nikataka kusema kitu. Midomo ilifunguka lakini vumbi likaingia kabla ya maneno kutoka.

"Shikamoo mama," ndiyo nikapata.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa." Kisha, bila daftari wala simu, miaka tisa baadaye: "Chumba elfu thelathini. Miezi miwili. Elfu sitini. Na ndoo yangu ya bluu, elfu tano."

Hapo nikaona mlango wa kutokea. Kodi naikubali, lakini ndoo nikaikana kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Ndoo gani? Mimi sikuwahi kuiona ndoo.

"Ya bluu?" Mke wangu amesogea. "Yenye mpini wa waya, umefungwa kitambaa chekundu?"

"Hiyohiyo," akasema mama.

"Mbona ndiyo tunayoogea!"

Wanaume wenzangu, kuna siku unatamani ungeoa mtu mwenye kumbukumbu mbaya. Nikahesabu elfu sitini na tano mbele ya wachoma nyama, mbele ya wauza mitumba, na mbele ya dereva wa bajaji ambaye, sijui kwa nini, alikuwa ameshuka kuja kusikiliza kwa karibu. Nyama ya mbuzi niliyoisimulia miaka saba tukaionja kwa pua. Mke wangu alikuwa anatafuna zabibu za bure. Alipewa kilo nzima, "kwa kuwa wewe mkwe ni mkweli."

Ningeishia hapo ningesema nimepona. Lakini mama alishalipwa, na Mgogo akishalipwa anakuwa ndugu. Akamwachia mwanawe kreti, akasema hatuwezi kuondoka bila kula kwake. Tukarudi wote na bajaji mpaka Chang'ombe, tukala ugali wa uwele na mlenda. Ulikuwa mtamu, sitasema uongo, ingawa kila nilipokunywa maji nilihisi yanahesabiwa.

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Ndani kuna kijana amevaa soksi, anapiga pasi shati jeupe.

"Huyu ni mtumishi wa wizara," mama akanitambulisha kwa fahari. "Alihamishiwa kutoka Dar. Analipa laki moja, miezi sita mbele."

Kijana akanipa mkono. Nikaushika. Kumbe Serikali nzima niliyopishana nayo ilikwenda kulala chumbani kwangu.

Saa za treni zikakaribia. Tunaaga, mama akaingia uani. Tukasikia purukushani, kelele, kimya. Akatoka na jogoo mwekundu, kucha kama ndoano, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga. Hakunipa mimi. Alimkabidhi mke wangu kwa mikono miwili: "Zawadi ya mkwe." Mke wangu akapiga goti kidogo akapokea, na mimi mwenye akili nikajua hapohapo kwamba mambo yameharibika.

Stesheni, mizigo inapita kwenye mashine. Mke wangu alikuwa amemweka jogoo kwenye kikapu, akamfunika kwa mtandio, akaweka zabibu juu. Kikapu kikateleza ndani. Mlinzi akaangalia kioo, akasimama, akamwita mwenzake. Nikachungulia. Mifupa yote ilikuwa inaonekana vizuri kabisa, shingo, mbawa, na ile mifupa ilikuwa inageuza kichwa kuangalia huku na huku.

"Hii ni nini, kaka?"

"Zabibu."

Zabibu zikasema kookoo.

Walituelewesha kwa adabu tu: kiumbe hai hapandi. Nikapendekeza tumgawie dereva wa bajaji. Mke wangu akaniangalia kama nimependekeza tumgawie mtoto.

"Zawadi ya mkwe haiachwi njiani, baba watoto. Tiketi ziko mbili, na kuku hana tiketi. Mimi sina deni na mtu." Akachukua zabibu, akanipa kikapu. "Nzuguni si unapajua? Wewe mwenyeji."

Akapanda. Kupitia kioo nilimwona anaketi karibu na dirisha, kiti changu ameweka pochi.

Stendi kuu ya Nzuguni usiku ina baridi ambayo nilisahau kuisimulia. Mabasi mawili yalinikataa. La tatu, la saa nane usiku, konda aliinua mtandio, akatazamana na jogoo, akasema huyo ni nauli ya mtoto na asipakatwe na abiria mwingine. Zile elfu kumi na tano zilizobaki hazikutosha. Nikampigia mke wangu anitumie kwa simu. Aliituma haraka, na ujumbe: "Tumefika salama mimi na zabibu."

Nikamshika jogoo mapajani. Alitulia Chamwino, akatulia Mbande, akatulia Kibaigwa. Mimi nikapitiwa na usingizi.

Saa kumi alfajiri akawika. Basi zima likashtuka. Bibi mmoja akaanza kushusha mizigo akidhani tumefika, mtoto akalia, mwanamume wa nyuma akauliza nani ameweka mlio huo kwenye simu. Konda akawasha taa za ndani, akaja moja kwa moja kwangu.

"Anko, mnyamazishe mwanao."

Nikachungulia nje kujua tuko wapi. Kibao cha barabarani kikapita polepole: Gairo. Mbele yetu taa kali zikatokea, Land Cruiser nyeupe yenye namba za Serikali ikatupita kwa kasi kuelekea Dodoma, na jogoo akawika tena.