Dagaa wa Mama Mkwe

Bustani yangu ndogo hapa Uingereza nimewaachia viumbe wa porini: chini ya uzio nimekata tundu la sentimita 13 ili kalunguyeye wapite, na kwenye kona nilipanda mti wa asili ya nchi hii uitwao hothoni, ambao niliununua mwezi wa Januari ukiwa fimbo tupu isiyo na hata punje ya udongo mizizini, na ambao kwa miaka mitano haukunipa kitu isipokuwa miiba, mmojawapo ukipenya kandambili hadi unyayoni.

Mei iliyopita, siku chache baada ya mama mkwe kuwasili kutoka Kigoma, mti huo ukachanua, ukawa mweupe kuanzia tawi la chini hadi kileleni. Nami, kwa kutaka aone kwamba binti yake hakuangukia kwa mtu wa ovyo, nilikata matawi sita, nikayapanga katika jagi na kuliweka sebuleni, kando ya kiti chake.

Kufikia jioni nyumba nzima ilinuka samaki wa juzi. Mke wangu alinitazama, nami nikatazama juu ya kabati, ulipokaa mfuko wa dagaa ambao mama mkwe alikuwa ameupakata safari nzima kama mtoto. Sasa mtu atamwambiaje mkwewe kwamba zawadi yake inanuka? Niliosha jokofu, nikamwaga takataka, nikafungua madirisha yote, na harufu ikazidi. Saa sita usiku nikauchukua ule mfuko kwa kunyata, nikauweka nje, mlangoni mwa kibanda cha zana.

Asubuhi nilikuta vipande vya mfuko vimetapakaa chini ya hothoni. Mbweha, ambaye hana haja ya tundu la kalunguyeye kwa kuwa huruka uzio, alikuwa amekwisha kustaftahi. Ndani, harufu ilikuwa palepale.

Jirani yetu, bibi mzee wa Kiingereza aliyekuja kurudisha ngazi, alipoliona jagi alirudi nyuma hatua mbili, kwa maana wazee wa hapa huamini kwamba kuyaingiza maua hayo nyumbani ni kuita mauti. Imani hiyo haikuzuka bure: yana trimethilamini, kemikali ileile inayotoka katika nyama na samaki wanapoanza kuoza, na nzi huyafuata kwa sababu hiyohiyo.

Mama mkwe aliinama, akanusa mara moja tu, akakunja pua.

“Baba Neema, kumbe yanayonuka ni maua yako,” alisema, huku sufuria yake ikiwa tayari jikoni na nyanya zimekwisha katwa. “Haya, niteremshie dagaa wangu.”