Redio Yangu Haitaki Singeli

Ukitaka redio ya gari langu ikae imewaka kutoka Mbagala mpaka Posta, iwekee taarifa ya habari. Msomaji atasoma bei ya korosho, atasoma mvua, atasoma matokeo ya mpira mpaka ya ligi za wasichana chini ya miaka kumi na saba, na redio imetulia tuli. Iwekee mahubiri, itasikiliza kwa adabu zote. Taarabu nayo itaivumilia, ile ya zamani, ya vinanda vya kubembeleza. Sasa thubutu kuiwekea singeli, ule muziki wetu wa kasi. Ngoma ikidunda tu, pu! Kioo giza. Unahesabu moja, mbili, taa zinawaka upya, na yule dada aliyerekodiwa humo ndani anatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa kuliko niliyoiacha, kwamba Bluetooth iko tayari. Ngoma ikidunda tena, pu. Dada karudi.

Huyo dada hana staha. Tumetoka kuzika Chang'ombe, tuko kwenye msafara, vioo vyote chini kwa sababu AC ya gari hili nayo ina kesi yake. Muziki sijaweka, mimi si mwehu. Gari likapanda tuta. Redio ikazima, ikawaka, dada akawatangazia wafiwa wote kwamba yuko tayari. Shangazi wa marehemu alinigeukia kwa jicho ambalo sitalisahau.

Mama mkwe ndiye pekee anayeipenda. Nilimpa lifti kwenda kliniki, wanangu wakaweka singeli yao, redio ikakata. Wakaweka tena, ikakata. Akasema, "Baba Zuwena, hii redio umeinunua wapi? Ina maadili."

Nimeinunua wapi! Kwanza tuseme kwa nini nilinunua. Gari likija kutoka Japani linakuja na redio yake, kioo kipana, ramani ya Osaka ndani. Inapendeza mpaka siku mtu achomoe betri. Ikikosa moto mara moja tu, inasahau kila kitu ilichowahi kujua, inaanza kukuandikia Kijapani. Waliosoma wanasema inaomba kadi ya ramani. Mimi kadi ya ramani ya Osaka naitoa wapi, Rangi Tatu? Na hata ilipokuwa nzima haikunifaa sana. FM ya redio hizo za zamani za Kijapani inaanzia 76 inaishia 90, sisi huku stesheni zetu zimejaa kuanzia 88 mpaka 108. Kwa hiyo nilikuwa nakamata kakipande ka Dar es Salaam hapo mwishoni mwa kioo, baada ya hapo ni mvumo. Kuna kidude wanafunga cha kusogeza masafa, lakini ukishakifunga, stesheni inatajwa kwa namba moja na kioo kinasoma nyingine, unaanza kujumlisha na kutoa huku bodaboda anakupitia kushoto.

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta mtumba. Muuzaji akaipangusa kwa kiganja, akaniambia kwa sauti ya siri, "Bosi wangu, hii imetoka kwenye gari la balozi." Nimegundua redio zote za mtumba zimetoka kwenye magari ya mabalozi. Hao waheshimiwa sijui wanaendeshwa huku wakijiimbia wenyewe. Usoni imeandikwa 50W mara nne. Nikaigeuza nyuma, fyuzi yake ya ampea 10. Mimi hesabu za darasa la saba sikuzikimbia: volti 12 mara ampea 10 ni wati 120, na hapo hujatoa umeme wa kuwashia hata taa ya saa. Hizo wati 200 zinatoka wapi? Akafikiri kidogo, akasema, "Bosi, hizo ni wati za Kijapani." Mtu akikujibu hivyo unafanyaje? Nikalipa.

Soketi ya nyuma haikuwepo. Aliyeing'oa kwenye gari la balozi alipitisha mkasi, vikabaki vishina vya waya urefu wa kidole gumba. Muuzaji akaniitia dogo wa kufunga. Zana za dogo zilikuwa tepu nyeusi na meno. Waya anaumenya kwa meno ya mbele, ganda anatema pembeni, anasokota. Nyekundu na nyekundu. Njano na njano. Nyeusi na nyeusi. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, una uhakika?" Akasema, "Bosi, rangi ni rangi."

Redio haikuwaka. Dogo akaitazama, akalitazama gari, akatoa hukumu: "Bosi, gari yako walikosea kufunga waya kule Japani."

Kiwanda kizima cha Toyota kimekosea, aliyepatia ni dogo wa Kariakoo mwenye tepu. Ukweli nimekuja kuujua baadaye, na ni wa kuchekesha mtu akiwa hajalipa. Redio za dukani, waya wa njano ni moto wa kudumu, ule unaotunza kumbukumbu hata ukizima gari. Nyekundu ni moto wa funguo, unaokuja ukizungusha funguo tu. Nyeusi ni hasi, njia ya umeme kurudi. Sasa ndani ya Toyota nyingi za Japani, nyekundu, njano na nyeusi zote tatu zinakwenda kwenye spika za nyuma! Moto wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa funguo ni kijivu, hasi ni kahawia. Kwa hiyo dogo alikuwa anaomba umeme kwenye spika, spika inamshangaa.

Hakutaka kushindwa mbele za watu. Akavuta moto kutoka kwenye kiberiti, pale pa kuwashia sigara ambapo mimi nachajia simu. Njano na nyekundu akazisokota pamoja, tepu juu, mate kidogo, nyeusi akaikaza kwa skrubu mle ndani. Ikawaka! Wapita njia wakapiga makofi. Nikatoa shilingi 15,000 nikaondoka, na kabla sijafika Bandarini saa ilikuwa imerudi sifuri. Kiberiti kinafuata funguo, kwa hiyo kila nikizima gari, redio inapoteza fahamu. Stesheni zote zimefutika, saa imefutika, hata ukiwasha injini tu inakata kidogo halafu dada anabisha hodi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Dar es Salaam nzima ni mafundi redio. Jirani yangu, ambaye hana gari wala redio, alisema ni betri. Nikapima mbele yake: gari limezimwa volti 12.6, injini inanguruma 14.1. Betri nzima, alteneta nzima. Akaitazama mita, akasema, "Mimi nakwambia ni betri." Kijana wa duka la simu akasema flashi ina virusi. Abiria mmoja niliyembeba bure kabisa akaniambia spika zangu ni nzito, zinaivuta redio chini. Mwingine akaniuliza taratibu, kwa kunihurumia, kama kuna mtu wa ukoo asiyefurahia mimi kuwa na gari. Kila fundi naye akifungua dashibodi, kabla hata ya salamu: "Nani alikufungia hii?" Anatikisa kichwa, anaongeza tepu juu ya tepu, anachukua elfu kumi. Mzigo wa tepu mle ndani ulifika mahali redio ikawa hairudi vizuri kwenye tundu lake, ikabaki imechomoza mdomo.

Mwisho nikaelekezwa kwa mzee mmoja nyuma ya soko, fundi umeme, miwani yake mkono mmoja ni waya wa spika. Hakuuliza wimbo gani. Hakuuliza ukoo. Akaivuta redio, ikiwa inawaka, akachomoa plagi ya antena.

Pu.

Akairudisha plagi. Ikawaka. "Umeona, mwanangu?"

"Nimeona, mzee," nikasema, ingawa sikuona kitu.

Akanionyesha waya mweusi. Dogo aliufunga kwa skrubu kwenye kibati cha kushikia redio, vizuri tu, umekaza. Ila kibati chenyewe kimekaa kwenye plastiki ya dashibodi, na plastiki haijawahi kupitisha umeme tangu iumbwe. Redio ikakosa hasi, ikajitafutia njia: umeme ukawa unarudi kwenye bodi ya gari kupitia ule wavu wa nje wa waya wa antena, mpaka kule juu ilikofungwa, ambako kuna kutu. Mtu akisoma habari, redio inakula umeme kidogo, njia inatosha. Ngoma ya singeli inataka umeme mwingi kwa mpigo, njia ni nyembamba, volti zinaanguka, redio inajizima. Na tuta likitikisa plagi, ndiyo yale ya msibani.

Nilitaka kumkumbatia. Wati, betri, virusi, ukoo mzima nimeushuku, kumbe ni skrubu kwenye plastiki.

Akatafuta bolti inayogusa bodi nyuma ya droo ya dashibodi, akakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga nyeusi pale. Njano akaipeleka kwenye bluu yenye mstari, nyekundu kwenye kijivu, akalehemu kwa risasi kiungo kimoja kimoja, akatoa tepu ya watangulizi wake ikajaa kopo la maziwa. Kisha akasema weka huo wimbo wako.

Nikaweka singeli. Nikapandisha mpaka watoto wa jirani wakaja. Redio ikashika! Kioo hakikutingishika, dada kanyamaza. Mzee akainamisha kichwa upande wa nyuma, akanyoosha kidole.

"Unasikia hiyo?"

Nikasikia. Spika ya nyuma kulia inakwaruza, karatasi yake imechanika, na siku zote hizo haikuwahi kupata umeme wa kutosha kuniambia.

Mzee akajifuta mikono, akaenda kwenye gari lake bovu linalolala pale kibandani, akafungua buti. Mle ndani spika zimepangwa juu ya gunia. Akanyanyua moja, akaipangusa kwa kiganja.

"Hii, mwanangu, imetoka kwenye gari la balozi."

Nikamwambia mzee wangu, nimeelewa, nitakupigia.

"Namba yangu hujachukua."

Nikawasha gari.