Mvua ya Singapore inakwenda wapi?

Anayeunganisha ndege Singapore akiwa na saa sita au zaidi hana sababu ya kujifungia uwanjani. Treni inaanzia palepale Changi, unabadilisha Tanah Merah, na ndani ya saa moja uko katikati ya mji. Wengi wanaishia kupiga picha maporomoko ya mita 40 ndani ya jengo la Jewel, hapohapo uwanjani. Ushauri wangu: toka nje alasiri mvua ikinyesha, uangalie chini, kwenye mtaro.

Mvua ile tunaijua, inashuka ghafla na radi zake. Kwa mwaka Singapore hupata zaidi ya milimita 2,000. Dar es Salaam hupata kama 1,100. Wananyeshewa karibu mara mbili yetu, tena mji wao uko chini, ufukweni, kama wetu. Na bado mvua ikikatika, muda si mrefu watu wanatembea na viatu vya ofisini. Hapo ndipo moyo unaniuma, maana hakuna muujiza pale.

Mtaro wao ni wa zege, na katikati ya sakafu yake kuna kijifereji chembamba. Siku za jua, maji machache yakitawanyika kwenye sakafu pana husimama, mchanga unatua, mbu wanazaliana. Yakibanwa kwenye kijifereji yanakwenda kasi na kuubeba mchanga wake. Maji ya chooni yana bomba lake, hayaingii humo. Halafu mtaro una mwisho unaojulikana. Katikati ya mji maji huishia Marina Barrage, bwawa lililofunguliwa 2008 lenye malango 9 ya chuma. Bahari ikipwa, malango hufunguliwa mvua itoke. Ikijaa, hufungwa, na pampu 7 husukuma maji baharini, kila moja mita za ujazo 40 kwa sekunde. Aliyeona mvua kubwa ikikutana na bamvua pale Daraja la Salenda, Dar, anaelewa kwa nini.

Najua jibu linalokuja: wao wana hela. Leo wanazo. Lakini mwaka 1977, waziri mkuu wao Lee Kuan Yew alipotoa miaka kumi mto wa mjini usafishwe, mto ule ulikuwa unanuka, una mazizi ya nguruwe kwenye vijito vyake na wauza chakula wanaomwaga mabaki humohumo. Wauzaji walijengewa masoko yenye maji na mifereji ya maji taka, wakaazi wa mabandani wakapewa nyumba. Sisi baada ya mafuriko ya Desemba 2011 tuliwapeleka watu wa mabondeni Mabwepande, mbali na riziki zao, halafu tukashangaa waliorudi bondeni Jangwani.

Wala wao si malaika. Juni 2010 barabara yao ya maduka ya fahari, Orchard Road, ilifurika, na moja ya sababu ilikuwa kalavati lililozibwa na taka. Taka, ndugu zangu, kama kwetu. Tofauti ni kilichofuata: tangi la chini ya ardhi la mita za ujazo 38,000, lililokamilika 2018, na kanuni ya kuanzia 2014 kwamba anayejenga kwenye kiwanja cha hekta 0.2 au zaidi ayazuie maji ya mvua kwake na kuyaachia polepole. Sisi tunatandika pevingi ukuta hadi ukuta na kutoboa tundu la kumwagia jirani.

Mtasema nimeondoka nyumbani, sasa nawafundisha. Hapana. Mifuko ya plastiki Tanzania tuliipiga marufuku Juni 2019 na watu wakatii. Singapore walianza kuitoza senti chache kwenye maduka makubwa mwaka 2023. Hapo tumewapita, na ninalisema popote kwa fahari. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba Mwafrika hawezi.

Mengi hayahitaji mkopo wa benki. Tope likizolewa mtaroni liondolewe siku hiyohiyo. Likirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha lote, na pesa ya kibarua imekwenda bure. Mifuniko ya zege iwe mifupi, yenye vishikio, watu wawili waweze kuinua. Ile mirefu iliyosakafiwa juu hakuna anayeifungua hadi siku ya mafuriko. Kwenye mdomo wa kalavati ziwekwe nondo za kuzuia chupa, lakini awepo mtu wa kuzisafisha kila baada ya mvua, la sivyo nondo zenyewe zinakuwa bwawa. Usafi ufanyike Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, ukianzia chini mtoni kupanda juu, kwa sababu ukizibua juu kwanza unamzamisha wa chini. Na wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha watozwe faini na serikali za mitaa, kwa sababu mjumbe anawajua nyumba kwa nyumba.