Hii kompyuta ya klaudi wanaihitaji Mombasa kuliko sisi huku

Nina miaka sita Birmingham na kazini kwetu hakuna anayejua kompyuta yake hasa iko wapi. Unapewa kilaptopu cha bei rahisi, unaweka pasiwadi, inafunguka desktopu yako na mafaili yote vile ulivyoyaacha jana, kumbe ndiyo hiyo kompyuta ya klaudi, kila kitu kinaendeshwa kwenye serva, yaani kompyuta kubwa za kampuni, mbali huko na mezani kwako inafika picha ya skrini tu, ukibonyeza kitu amri inaenda huko jibu linarudi. Mwaka jana nilimwagia chai kilaptopu changu, nikapewa kingine, muda si mrefu niko kwenye mstari ule ule niliouachia. Wenzangu hata hawakugeuka. Mimi nikamkumbuka mjomba.

Mjomba ana ofisi ya kliaringi, ya kuwatolea watu mizigo bandarini, Moi Avenue Mombasa, watu wanne, na biashara yote imo ndani ya CPU moja chini ya meza, imekalishwa juu ya tofali ati mvua ikija maji yasiifikie. Chumvi ya bahari imeila mpaka skrubu hazifunguki, stima nayo ikipotea inarudi kwa kishindo. Siku ile diski yake ilipokufa fundi aliitegea sikio kama daktari, akatikisa kichwa. Invoisi, entri za wateja, zote kwaheri, ikabidi watafute kwenye imeli moja moja na huku makontena yako bandarini Kilindini storeji inapanda kila kukicha.

Sasa nani anaihitaji hii kitu zaidi? Huku Birmingham stima haijapotea hata mara moja tangu nifike! Ndo maana wananichosha hawa jamaa zetu wa huku na ile yao ya "nyumbani bado hatujafika". Hatujafika wapi yakhe, nyaya za baharini zinatua Mombasa tangu 2009, SEACOM na TEAMS, hao wa Nairobi intaneti yao inapita kwetu kwanza.

Lakini sidanganyi. Likizo nilifungua desktopu ya kazi nikiwa Nyali, serva ziko Ulaya, nasukuma maus mshale unakuja baadaye kama umekwama feri ya Likoni. Na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, mtandao ukawa wa kuvuta kwa kamba, mjomba akanipigia anacheka, "Mwanangu, CPU yangu ya tofali inafanya kazi, hao wa klaudi wako je?" Nikanyamaza.

Kinachoniudhi hasa ni bei. Unalipia kila mtu kila mwezi, na hesabu ni ya dola, bosi wangu huku hata hasikii uchungu lakini kwa mjomba shilingi ikiteleza kidogo tu ni mshahara wa mtu huo. Nikamwambia asichukue ya watu wote wanne, Amazon WorkSpaces, hizo desktopu za klaudi za Amazon, wana mpango wa ada ndogo ya mwezi halafu unalipia masaa uliyotumia, na serva achague za Afrika Kusini, au akipenda Microsoft nao wanazo Johannesburg na Cape Town tangu 2019, angalau si mbali kama Ulaya.

Amekubali mtu mmoja, mhasibu. CPU haiteremki kwenye tofali, na kasema nikija Disemba nimletee betri ya kuhifadhi stima, maneno anayo ya kutosha.